Mkono wa Pili wa Mfumaji

Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za watu wa Sofala, bandari ya dhahabu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa masultani wa Kilwa. Alisimulia kwamba watu hao walifuma nguo nyeupe kwa pamba yao wenyewe, ila hawakujua kuitia rangi. Basi walichukua nguo za buluu na za rangi nyingine zilizoletwa na vyombo kutoka Cambay, India, wakazifumua uzi baada ya uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi nyeupe za kwao.

Nguo ya Cambay ilikuwa mali. Asiyejua kufuma angeivaa hadi ichakae, asijue imetengenezwaje. Mfumaji ndiye aliyeweza kuitazama nguo nzima, akaziona nyuzi zake, akathubutu kuivunja ili apate kile alichokikosa. Hakuidharau kazi ya Mhindi, wala hakuona haya kwa kazi yake. Alizikutanisha.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya wanaofuma katika pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje, kupita Kilwa Masoko, hadi Mchinga na Lindi Mjini: kina mama wanaofuma vitambaa vya makochi kwa kulabu, wanaofuma kofia na soksi za watoto wachanga kwa sindano mbili, wanaosuka ukili, na kina baba wanaofuma nyavu. Ninachotaka kusema ni kimoja. Anayejua mtindo mmoja wa kufuma ndiye hasa anayestahili kujifunza wa pili, na pwani hii imekuwa ikifanya hivyo kwa karne nyingi. Tukiacha sasa, tutapoteza hata ule mtindo wa kwanza.

Pamba iliyosokotwa Kilwa

Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, sultani alikuwa al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Wageni wanaopanda ngazi za Husuni Kubwa leo huambiwa habari za dhahabu, kauri za Uchina na misikiti ya mawe. Habari za uzi hazitajwi sana, ingawa mabaki yake yapo. Katika uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick miaka ya 1960, ambao matokeo yake yalichapishwa katika vitabu viwili mwaka 1974, vilipatikana vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vigae hivyo vilitiwa kwenye kijiti ili kukipa uzito, kijiti kikazungushwa, na pamba ikasokoteka kuwa uzi. Chungu kilichovunjika hakikutupwa. Kilipewa kazi nyingine.

Msafara wa Mreno Francisco de Almeida ulipoivamia Kilwa Julai 1505, mmoja wa waliokuwamo aliandika kwamba kisiwa kile kilikuwa na pamba nyingi na nzuri. Kwa hiyo uzi haukuwa mgeni hapa. Pamba ililimwa, ikasokotwa na kufumwa kwa kitanda cha mfumi papa hapa.

Kufuma kwa sindano mbili ni tawi jingine, nalo pia lina historia inayotuhusu. Miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyofumwa kwa njia hiyo ambavyo vimesalia duniani ni soksi za pamba kutoka Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Baadhi zimefumwa kwa nyuzi nyeupe na za buluu, na moja ya mapambo yake ni jina la Mwenyezi Mungu kwa hati ya Kufi. Ni kusema kwamba wakati Husuni Kubwa inajengwa, upande mwingine wa ulimwengu huo huo wa Kiislamu mikono ilikuwa ikipitisha vitanzi vya pamba juu ya sindano. Ustadi huo ulivuka Bahari ya Mediterania ukafika Hispania, ukaenea Ulaya, na ndipo ukatufikia sisi ukiwa umezunguka njia ndefu, kiasi kwamba wengi hudhani ni kitu cha nchi za baridi.

Pamba ya Kilwa ilipatwa na nini? Karne ya 19 merikani, ile nguo nyeupe ya viwanda vya Marekani, na vitambaa vya India vilijaa madukani vikiwa rahisi kuliko kazi ya mkono. Kisha Wajerumani wakairudisha pamba kwa nguvu, si kwa ajili ya kusokotwa hapa, bali kwa ajili ya viwanda vyao. Mwishoni mwa Julai 1905, miaka 400 kamili tangu uvamizi wa Almeida, Wamatumbi wa Nandete waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mmea ambao mababu waliulima kwa hiari na kuusokota kwa mikono yao ulikuwa umegeuzwa adhabu.

Ujuzi wa kusokota haukutoweka kwa uvivu wa mikono. Ulikatika pale ambapo aliyejua hakuwa tena na sababu ya kumwonyesha asiyejua.

Fundo lililobadilika

Mfano wa karibu zaidi wa kubadili mtindo uko pwani, chini ya miembe na mikungu, ambako wanaume huketi na nyavu mapajani. Zamani nyavu zilifumwa kwa uzi wa pamba na nyuzi nyingine za mimea. Uzi wa pamba una manyoya madogo yanayong'ang'aniana, kwa hiyo fundo moja likikazwa vizuri linatulia. Ubaya wake ni kwamba huoza, na wavu ulipaswa kuanikwa kila mara.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja nailoni. Haiozi, ni nyepesi, na ni ngumu kuliko pamba. Lakini ni telezi. Fundo lile lile la mababu, likifungwa kwa nailoni, huteleza. Jicho moja la wavu linapanuka na jingine linafinyana, na samaki hupita. Mafundi walilazimika kuurudisha uzi mara ya pili ndani ya fundo kabla ya kukaza. Mzunguko mmoja wa ziada, basi. Ila fikiria mikono iliyofunga fundo la kwanza tangu utotoni, ikiambiwa ukubwani iongeze mwendo ambao haukuwahi kuwapo. Kama nahodha aliyezoea kusi anapolazimika kurudi kwa kaskazi, bahari ni ile ile lakini kila kamba inashikwa upya.

Walijifunza. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuongeza mzunguko ule wameacha kuwa mafundi wa nyavu. Leo anayekarabati wavu Kilwa Kivinje hulifunga fundo la nailoni bila kulitazama, akizungumza na wenzake, na kwake hilo ndilo fundo la asili.

Kulia na kushoto

Sasa tuje kwenye sindano mbili. Mitindo ya kuzishika ni mingi, lakini miwili imetawala, na tofauti yake ni mkono unaobeba uzi.

Katika mtindo unaoitwa wa Kiingereza, uzi hubebwa na mkono wa kulia. Sindano ya kulia huingia katika kitanzi, uzi huzungushwa kwenye ncha, kisha kitanzi kipya huvutwa. Katika mtindo wa Kijerumani, unaofuatwa pia katika nchi nyingi za Ulaya bara, uzi hukaa juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, umekazwa kidogo, na ncha ya sindano ya kulia huuchota tu. Mkono hausafiri. Aliyeuzoea hufuma kwa mwendo mdogo sana, na wengi huona kwamba mshono wa kawaida huenda haraka zaidi.

Upo na mtindo wa tatu, wa Kireno, ambao uzi hupitishwa nyuma ya shingo, ukashuka mbele, na kusukumwa kwa kidole gumba. Kazi huelekezwa upande wa kinyume, kwa sababu katika mtindo huo mshono wa kinyume ndio mwepesi kuliko wote. Wareno waliikalia Kilwa tangu 1505 hadi 1512, wakaacha ngome. Mtindo wao wa kufuma hawakutuachia, lakini hakuna kinachotuzuia kuuchukua leo.

Mkoa wa Lindi na maeneo ya jirani yamepitiwa na shule za Wajerumani na za Waingereza. Wamisionari Wabenedikto walifika Nyangao na Lukuledi miaka ya 1890, wakajenga Ndanda mwaka 1906, na masista waliwafundisha wasichana kazi za mikono. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia utawala ukageuka, ukaja wa Kiingereza na walimu wake hadi uhuru wa 1961. Anayeona wafumaji wawili wa rika moja wakishika uzi kwa mikono tofauti asidhani mmoja amekosea. Huenda kila mmoja amepokea mkono wa mwalimu wa mwalimu wake.

Jinsi ya kuanza

Mwalimu wangu wa mtindo wa kushoto ni mama wa Lindi Mjini, mwalimu mstaafu, ninayemwita Mwalimu hadi leo ingawa anapenda zaidi kuitwa Bibi. Somo lake la kwanza lilikuwa kuniambia niache kutazama uzi, nitazame kitanzi. Uzi utashikwa vyovyote vile, alieleza, lakini kitanzi kikikaa sawa juu ya sindano, kazi ni sawa.

Hiyo ndiyo siri ya kubadili mtindo, na naieleza kwa kirefu kwa sababu wengi hukwama hapo. Kila kitanzi kilichokaa juu ya sindano kina miguu miwili, mmoja mbele ya sindano na mmoja nyuma. Wapo wafumaji wanaouzungusha uzi kwa upande mmoja, na wapo wanaouzungusha kwa upande wa pili, na matokeo yake mguu ulio karibu na ncha ya sindano unaweza kuwa wa mbele au wa nyuma. Kanuni isiyobadilika ni hii: ingiza sindano katika mguu ulio karibu na ncha. Ukiingiza katika ule wa mbali, kitanzi kitajisokota, na kitambaa kitakaza na kwenda mshazari. Anayejua kanuni hiyo anaweza kufuma kwa mkono wowote, wa nchi yoyote.

Jambo la pili ni mkazo. Mkono mpya hulegeza uzi au huukaza kuliko ule wa zamani, na vipimo vinabadilika. Tuchukue kofia ya mtoto yenye mzingo wa sentimita 40. Kama mkono wako wa zamani unatoa vitanzi 20 katika sentimita 10, utaanza na vitanzi 80. Mkono mpya ukikaza hadi vitanzi 22 katika sentimita 10, vitanzi vile vile 80 vitakupa kofia ya sentimita 36 na ushei, nayo itambana mtoto. Ndiyo maana hufumwa kwanza kipande cha majaribio, kikalazwa mezani bila kuvutwa, vitanzi vikahesabiwa, na sindano ikabadilishwa: nene zaidi kama kazi imekaza, nyembamba zaidi kama imelegea. Na mtindo usibadilishwe katikati ya vazi, kwa maana mstari wa mpaka utaonekana. Kazi nzuri ya kujifunzia ni ile isiyodai kipimo, kama kitambaa cha meza au skafu.

Jambo la tatu ni uzi wenyewe. Huku kwetu joto halitaki sufu. Uzi wa pamba unafaa zaidi kwa nguo za watoto, unafulika na unafyonza jasho. Lakini pamba hainyumbuki, kwa hiyo haimsamehei mfumaji aliyekaza mno. Vidole vitachoka mapema. Anayejifunza mkono mpya kwa uzi wa pamba na aulegeze uzi kidoleni kabla hajaanza kutafuta mwendo.

Hapa ndipo kina mama wa Kilwa na Lindi wanapotangulia bila kujijua. Wengi wao hufuma kwa kulabu, vile vitambaa vya makochi na vya meza vinavyopamba nyumba zetu. Anayefuma kwa kulabu kwa mkono wa kulia huubeba uzi kwa mkono wa kushoto, ameukaza juu ya kidole cha shahada, na kulabu huuchota. Huo ndio mkao wa mtindo wa Kijerumani. Mwenye miaka mingi ya kulabu akipewa sindano mbili na kufundishwa mkono wa kushoto, nusu ya somo amekwisha kuimudu. Tatizo ni kwamba wengi hufundishwa mkono wa kulia kwanza, wakahangaika, wakaamua kwamba sindano mbili si za kwao. Mwalimu mwema huanza kwa kumuuliza mwanafunzi mikono yake inajua nini.

Sindano zikikutana na ukili

Mtindo mwingine usihesabiwe kuwa ni wa ng'ambo tu. Mfumaji wa sindano wa pwani hii ana shule nyingine uani kwa jirani, shule ya ukili.

Ukili huanzia porini, kwenye mkindu. Makuti machanga hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa chane za upana mmoja. Nyingine hutiwa rangi. Zamani mizizi ya mdaa ilitoa weusi na manjano ilitoa rangi yake. Siku hizi rangi za unga za dukani zimeenea. Chane hupishanishwa juu ya moja na chini ya moja, au juu ya mbili na chini ya mbili, na ukili hurefuka pima kwa pima. Ndipo kili hushonwa ubavu kwa ubavu kuwa mkeka wa kulalia, msala wa kuswalia, au mkeka wa arusini na matangani. Kazi hiyo ilifika baharini pia: mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila misumari, kilisafiri kwa tanga la mkeka.

Anayetoka kwenye sindano hushtushwa na mambo mawili. La kwanza, katika kufuma uzi ni mmoja, na ukivuta ncha kazi yote inafumuka, unaanza tena na uzi wako mzima. Ukili una chane nyingi, kila moja ina mwisho wake, na mpya huungwa papo hapo bila kuonekana. Ukiuvunja, chane zimekwisha kupinda na hazifai tena. Kwa hiyo msukaji hufikiri kabla ya kidole kusogea. La pili, mfumaji hununua uzi uliokwisha kulinganishwa kiwandani. Msukaji hulinganisha mwenyewe, na chane moja ikiwa pana, ukili wote unaenda upogo. Ubora wa mkeka umeamuliwa kabla chane ya kwanza haijapishana na ya pili.

Nimerudi kwenye sindano zangu nikiwa na jicho jingine. Sasa naupitisha uzi wote vidoleni kabla ya kuanza, nikitafuta mahali palipovimba au palipokonda. Hilo sikulipata kwa mfumaji yeyote wa sindano; nilifundishwa na wasukaji. Nao, naamini, wana la kupokea kutoka upande wetu, hasa kupanga nakshi kwa kuhesabu na kuichora kwenye karatasi yenye mirabaraba, ili nakshi iliyo kichwani mwa bibi mmoja isizikwe naye.

Rangi mbili, mikono miwili

Faida kubwa kuliko zote ya kujua mitindo miwili huonekana siku mfumaji anapotaka nakshi ya rangi mbili. Anayejua mkono mmoja hufuma vitanzi vichache vyeupe, akauacha uzi, akaushika wa buluu, akauacha, akarudi. Kazi inachelewa na nyuzi zinasokotana. Anayejua mikono yote miwili hubeba nyeupe kwa kulia na buluu kwa kushoto. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unachota, na nakshi inapanda bila uzi kuachwa. Uzi usiotumika unapita nyuma ya kazi umelegea kiasi, na kitambaa kinakuwa na unene maradufu.

Hapo mtindo wa pili haujaufukuza wa kwanza. Imehitajika yote miwili, kila mmoja kwa nafasi yake, ili kitokee kitambaa ambacho hakuna mmoja wao angekifuma kwa wepesi huo peke yake. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapa ni mkono wa kulia, na kweli amepona, kwa sababu kazi iliyokuwa ikimchosha peke yake sasa ina msaidizi.

Nani afundishe, nani afundishwe

Mafunzo ya kazi za mikono kwetu huandaliwa mara nyingi kwa ajili ya wasiojua kitu. Ni jambo jema, ila linamwacha nje mtu muhimu kuliko wote, yule aliyekwisha kujua. Fundi wa nyavu wa Songo Songo, msukaji wa Kilwa Kisiwani na mfumaji wa vitambaa wa Lindi Mjini hukutana kwenye kivuko na sokoni, lakini hawaketi pamoja mikono ikiwa kazini. Wakiketi, kila mmoja atakuwa mwalimu na mwanafunzi katika baraza hilo hilo moja.

Njia za kulifanya hilo zipo. Maofisa utamaduni na maofisa maendeleo ya jamii wako katika kila halmashauri. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lipo kwa ajili ya kazi za namna hii. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Kikundi kinachokopa kununulia uzi kiweke pia muda wa wanachama kubadilishana mitindo, na kiandike nakshi zake. Mkopo hulipwa ukaisha, lakini mtindo uliopokewa hubaki kwa watoto.

Namwomba basi fundi aanze mwenyewe. Mama anayesifiwa mtaa mzima kwa vitambaa vyake achukue sindano kwa mkono asiouzoea, aketi nazo barazani mbele ya wajukuu na majirani, na vitanzi vyake vya kwanza viwe vikubwa na vya kupishana. Kijana akimwona mtu anayemheshimu akihesabu kwa sauti kama mwanafunzi, naye hataona aibu kuomba afundishwe.